Okidi isiyo na majani: mwongozo kamili wa kuitafuta, kuitambua na kuilinda huku Nakuru na magharibi

Ukisema okidi hapa Nakuru town mtu anafikiria yale maua makubwa ya kwenye vyungu yenye yanauzwa supamaketi, na hayo asili yake ni Asia, hayana uhusiano na mimea ya misitu yetu. Kenya iko na aina zaidi ya 200 za okidi za asili na ndani ya hizo kuna kikundi kidogo chenye hakina majani kabisa, si ati jua limeyaangusha, hakina tu. Jina la kitaalamu ni Microcoelia, lilitolewa na John Lindley wa Uingereza mwaka wa 1830, na zinahesabiwa takriban aina 30 kuanzia Afrika bara mpaka Madagaska. Zinaishi juu ya miti lakini hazinyonyi mti, zinashikilia gome basi.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla hatujaendelea, juu kila hatua huku chini inatoka hapo: mizizi ya huu mmea ndiyo majani yake. Mizizi ndiyo inakunywa maji, ndiyo inashika mti, na ndiyo inatumia jua kutengeneza chakula. Sasa mtu akiona kitu kizuri msituni akakibandua akipeleke nyumbani, amevunja kila kitu mara moja, na ndiyo maana zikibanduliwa hazikai, zinakauka polepole ukidhani bado ziko hai maana hata zikiwa mzima ziko na rangi ya kijivu. Huu mwongozo kwa hivyo ni wa kuziona, kuzirekodi na kuzilinda pale pale ziko. Si wa kuzivuna.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini

Usitafute ua. Maua ya aina nyingi ni meupe, madogo, hata sentimita moja hayafiki, na ukiwa chini ya mti hutayaona. Tafuta mizizi. Kwa mbali inakaa kama kifundo cha kamba ya katani kuukuu chenye mtu alitupa kikanasa kwenye tawi, rangi ya fedha ama kijivu, nyuzi zingine zimelala kwenye gome na zingine zinaning'inia hewani. Katikati ya hicho kifundo kuna shina fupi sana, mara nyingi halifiki urefu wa kidole, na kwa hilo shina kuna magamba madogo ya kahawia yaliyokauka, hayo ndiyo mabaki ya majani yenye mmea uliacha kutengeneza. Vijiti vya maua vinatokea hapo hapo katikati ya mizizi, vyembamba, na maua yanapangana kwa mstari. Kila ua liko na kamkia kadogo nyuma, ni kamfuko ka nekta.

Aina yenye imesambaa sana Afrika, kuanzia Nigeria na Ethiopia kupitia kwetu mpaka Zimbabwe, inaitwa Microcoelia globulosa. Kuna Microcoelia koehleri yenye mizizi yake ni minene na bapa. Kuna pia Microcoelia exilis yenye maua ni milimita chache tu lakini yanaweza kuwa mengi sana kwa kijiti kimoja. Usijisumbue sana na jina la aina ukiwa msituni, hiyo kazi tutaifanya na picha.

Hatua ya 2: Chagua msitu, alafu chagua msimu

Msitu mzito wa mvua si mahali pa kuanzia. Hizi okidi zinataka mwanga na hewa inayotembea, mahali miti imeachana jua linapita. Kwa upande wa Nakuru fikiria miti ya zamani kwenye kingo za Menengai, miteremko mikavu ya Eburru, maeneo ya leleshwa na migunga kuelekea Elementaita, na vichaka vya mutamaiyu (mzeituni wa porini) na mtarakwa vyenye vimebaki kwa mashamba ya watu huko Subukia na Njoro. Ukienda magharibi kuna miteremko ya Nandi inayoangalia uwanda wa Kano, vilima vya Kajulu juu ya Kisumu, na bonde la Lambwe huko Ruma. Nimetaja maeneo mapana makusudi. Mti wenyewe sitautaja, na hata wewe ukiupata usiutaje, nitaeleza mbele kwa nini.

Mti wa kuangalia kwanza ni wenye umezeeka na gome lake ni gumu, limekwaruza, haliambuki. Mbegu ya okidi ni vumbi, inapeperushwa na upepo, haina akiba ya chakula ndani yake, na haiwezi kuota mpaka ikutane na fangasi fulani kwenye gome ambaye ataisaidia kupata chakula. Kwa hivyo gome linaloambuka kila mwaka halina faida kwake, na mti mchanga bado haujapata hao fangasi na ile kuvu ya kijivukijani inayoota magomeni. Ukiona gome limejaa hiyo kuvu, simama hapo. Angalia shina, alafu matawi makubwa, alafu usisahau vitawi vyembamba vya pembeni juu zingine zinapenda hapo.

Msimu sasa. Mimi napenda Januari na Februari kwa kutafuta, juu miti mingi imepunguza majani, unaona matawi vizuri na hicho kifundo cha kijivu kinajitokeza. Ukishapata, rudi mvua ikianza, Machi kwenda Aprili, uangalie maua na ncha mpya za mizizi. Lakini usishike huo ratiba sana, aina hazitoi maua wakati mmoja, na mvua zetu siku hizi hazina adabu.

Hatua ya 3: Ruhusa

Hii watu wanaruka na si vizuri. Msitu wa serikali uko chini ya KFS (shirika la misitu la Kenya), unaenda kwa ofisi ya foresta wa huo msitu unajieleza, na mara nyingi kuna chama cha jamii cha msitu (wenyeji wanakiita CFA) ambacho kinaweza kukupa mtu wa kukutembeza. Huyo mtu ni wa maana kuliko ramani yoyote. Eburru imezungushiwa uzio wa stima tangu 2014 kwa hivyo pita kwa geti, usitafute pengo. Lake Nakuru na Ruma ni mbuga za KWS (shirika la wanyamapori), unalipa kwa eCitizen unaingia kama mgeni wa kawaida, na kwa Lake Nakuru huruhusiwi kushuka gari ovyo ovyo, unashuka zile sehemu zimewekwa, mfano Baboon Cliff na Makalia. Hapo kazi yako ni ya darubini kwa dirisha.

Sheria mbili ujue zipo: ya wanyamapori ya 2013 na ya misitu ya 2016. Kung'oa mmea kwenye msitu wa serikali bila kibali ni kosa, na okidi zote duniani ziko kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini), huwezi kuvukisha mpaka hata kamzizi bila makaratasi. Ukitaka kufanya utafiti rasmi wa kuchukua sampuli, hiyo inataka leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na vibali vya taasisi zinazohusika. Kwa kuangalia na kupiga picha huhitaji yote hayo, unahitaji tu ruhusa ya kuwa pale.

Shamba la mtu ni adabu ya kawaida, na ndiko okidi nyingi zimebaki kwa hivyo usidharau. Ukifika bomani salimia kwanza, ngoja ukaribishwe, ndio useme:

"Samahani mama kukusumbua, nilikuwa naomba niangalie ule mti wako mkubwa pale chini. Sikati kitu, sitoi kitu, ni picha tu."

"Ni dawa mnatafuta, mwanangu?"

"Hapana mama, ni maua ya msituni. Kuja nikuonyeshe."

Na umwonyeshe kweli. Mpatie darubini. Akishaona kitu kiko kwa mti wake na hakimalizi mti, mara nyingi ni yeye atakupigia simu siku majirani wameanza kuongea mambo ya kukata. Ongea pia na vijana wa kuchunga mbuzi, hao wanajua kila tawi la hiyo sehemu, waulize kuhusu nyuzi za kijivu, usiwaulize kuhusu okidi.

Hatua ya 4: Vitu vya kubeba

Si vingi. Darubini hata ya bei rahisi. Lenzi ndogo ya mkono ya kukuza mara 10. Simu yenye kamera nzuri, na kama utapata ile lenzi ya kubana kwa simu ya kupiga vitu vidogo, chukua. Rula ya plastiki. Daftari na penseli, juu kalamu ikinyeshewa umepoteza kila kitu. Na chupa ndogo ya kupulizia maji, weka maji ya mvua ndani, si ya mfereji yenye dawa.

Viatu vya kufunga, suruali ndefu, na nendeni wawili. Menengai iko na maporomoko makali pembeni, chini kunaweza kuwa na kifutu amelala kwenye majani, na nyuki hawatoi onyo. Kama kuna eufobia karibu, usivunje tawi lake wala kulidunga na kijiti, utomvu wake ukiingia machoni unaweza kukupofusha. Usipande mti. Kama okidi iko juu sana, hiyo ni ya darubini, itoshe.

Hatua ya 5: Kutafuta kwenyewe

Tembea polepole kuliko unavyofikiria. Chagua mti mmoja, simama mahali jua liko nyuma yako, anza chini ya shina, panda na macho mpaka tawi la kwanza, fuata hilo tawi mpaka mwisho, rudi, shika lingine. Alafu zunguka mti ufanye tena upande wa pili, juu upande mmoja unaweza kuwa hauna kitu kabisa na ule mwingine uko na mimea imejipanga. Mti mmoja mkubwa ukifanywa vizuri unakula karibu nusu saa. Angalia pia chini, matawi yaliyoanguka na upepo yanakuambia nini kiko huko juu.

Ukipata moja usiondoke, zunguka miti ya karibu yote. Mbegu nyingi hazifiki mbali, kwa hivyo palipo na moja huwa kuna wenzake.

Hatua ya 6: Kuhakikisha

Hapa ndipo pananifurahisha kuliko pote. Kama mmea uko chini mahali mkono unafika, na ni mkavu, chukua ile chupa upulizie maji kidogo kwenye mzizi mmoja, usiloweshe mmea wote. Tazama na lenzi. Ile rangi ya fedha inapotea ukiangalia, mzizi unageuka kijani, na kwenye hiyo kijani vinabaki vistari na vidoadoa vyeupe ambavyo maji yamekataa kuingia. Kinachofanyika ni hivi: mzizi umevaa koti la chembe zilizokufa, tupu, zimejaa hewa, ndiyo maana ukikauka unaakisi mwanga na kuonekana mweupe mweupe. Maji yakigusa hilo koti linayafyonza haraka, linakuwa linapitisha mwanga, na ndio sasa unaona kijani kilichokuwa kimejificha chini, kijani kile kile cha majani ya mimea mingine. Na vile vidoa vyeupe ni sehemu za kupumulia, zimebaki na hewa hata mvua ikinyesha.

Angalia pia ncha za mizizi. Mmea ukiwa unakua, ncha ni laini, inang'aa, kijani ama nyekundu nyekundu, bado haijavaa koti. Hiyo ncha usiiguse kabisa, kidole tu kinaweza kuiumiza na huo mzizi ukaacha kurefuka.

Sasa vitu vyenye vinachanganya watu. Ndevu za miti, zile za kijivukijani zinaning'inia misitu ya baridi, ni laini na zimegawanyika matawi matawi, hazina shina katikati. Rhipsalis ni kadungusi (kaktasi) ka kuning'inia, hakana majani pia, unakapata misitu yenye unyevu, lakini vijiti vyake ni vya kijani hata wakati wa kiangazi na vinazaa matunda madogo meupe. Ndegelele, zile zinanyonya mti, ziko na aina zisizo na majani kwa migunga, lakini ukifuata shina lake utaliona limeingia ndani ya tawi na hapo tawi limevimba. Okidi haiingii ndani ya mti, imelala juu ya gome tu.

Yenye inasumbua zaidi ni okidi ya kawaida iliyopoteza majani kwa ukame, mizizi yake inafanana kabisa. Tafuta shina: kama ni refu na liko na makovu ya pete pete pale majani yalikuwa yameshika, hiyo si yetu, ni nyingine iko na shida.

Na zile za ardhini? Kuna Epipogium, yenye haina majani wala kijani popote, inalishwa na fangasi maisha yake yote, hiyo ni ya misitu yenye kivuli na majani yaliyooza. Kuna pia Nervilia na baadhi ya Eulophia zinatoa ua kwanza kutoka kwa udongo mtupu mvua ikianza, majani yanakuja baadaye. Ukirudi baada ya wiki kadhaa utakuta jani limetoka. Zirekodi pia, lakini usiziite Microcoelia.

Hatua ya 7: Picha

Picha moja nzuri ya ua haisaidii mtaalamu. Piga mti mzima kwa mbali. Piga gome karibu, na jani la huo mti, ili mti utambulike. Piga mmea wote, alafu mizizi ikiwa mikavu na rula pembeni, na mizizi ikiwa imelowa. Piga shina na magamba yake. Kwa maua piga kijiti chote, alafu ua moja kwa mbele na moja kwa ubavu ile kamkia ionekane vizuri, maana umbo la mdomo wa ua na hicho kimkia ndivyo vinatenganisha aina moja na nyingine. Zima fleshi, inachoma rangi nyeupe yote. Weka karatasi nyeusi ama daftari nyuma ya ua, ushike pumzi, upige nyingi, utachagua nyumbani.

Hatua ya 8: Rekodi

Andika pale pale, si jioni. Tarehe, eneo, namba za GPS (ngoja simu itulie, chini ya miti inaweza kuwa inadanganya kwa mita nyingi), kimo kutoka usawa wa bahari, aina ya mti, unene wa shina, okidi iko juu mita ngapi kutoka chini na inaangalia upande gani. Hesabu mimea, ukitenganisha mikubwa na ile michanga yenye iko na mizizi miwili mitatu tu. Hii michanga ndiyo habari kubwa kuliko zote, ukiikuta unajua hapo bado zinazaliana, na ukikuta mikubwa peke yake miaka nenda miaka rudi ujue kuna kitu kimekatika. Andika kama kuna maua ama vitunda. Mwisho andika hatari: makaa, panga, moto, mbuzi, barabara inapanuliwa.

Hatua ya 9: Tuma, lakini ficha mahali

Weka picha iNaturalist (tovuti na app ya kurekodi viumbe), na kabla hujabonyeza kutuma ingia sehemu ya mahali uchague kuficha. Ukifanya hivyo, alama inayoonekana na watu inawekwa popote ndani ya kisanduku cha nyuzi 0.2 kwa 0.2, na huku kwetu karibu na ikweta hiyo ni kama kilomita 22 kila upande. Namba kamili unabaki nazo wewe. Hili ni jambo la lazima. Kuna watu wananunua okidi za porini na wanajua kusoma ramani kuliko sisi, na mmea wenye umechukua miaka mingi kufika hapo unaondoka kwa dakika moja. Kwa makundi ya WhatsApp usitume picha kama dokumenti, juu namba za GPS zinabaki ndani ya faili, na usiandike "hapa karibu na kanisa fulani".

Rekodi kamili, na namba zake, peleka kwa watu wa hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Kitaifa Nairobi. Huko ndiko sampuli za mimea ya Afrika Mashariki zimewekwa na kuna watu kazi yao ni hii. Mwambie foresta pia. Foresta akijua mti fulani uko na kitu adimu anaweza kuuacha wakati wa kuondoa miti mikavu.

Hatua ya 10: Kulinda mti

Hakuna kulinda hii okidi bila kulinda mti wake, na hapo ndipo vita iko. Mutamaiyu na leleshwa zinatafutwa sana kwa makaa, na mti wa miaka mingi unaishia kwa gunia. Lake Nakuru tumeona kitu kingine: tangu karibu mwaka wa 2010 maji yalipanda sana, geti kuu la zamani likamezwa na migunga ya manjano ya ufukweni ikafa imesimama. Mti ukifa gome linaanza kuachia, na likianguka linaanguka na kila kilichokuwa kimeshika hapo.

Kwa shamba lako fanya hivi. Usipake mti wa zamani chokaa wala rangi. Usikwangue ile kuvu ati unasafisha. Kabla ya kupunguza matawi, yaangalie moja moja kama tulivyosema hatua ya 5, na lenye mimea uliache. Hata miti ya kupandwa iliyozeeka, jakaranda kwa mfano, inaweza kubeba okidi za asili, kwa hivyo usiseme ni mti wa kigeni hauna kazi. Dawa za kupulizia mahindi na nyanya usipulizie upande wa upepo unaoenda kwa huo mti.

Na kama mti umeshakatwa ama tawi limeanguka? Hapo tu ndipo kuhamisha kuna maana, na kama ni msitu wa serikali ni kwa ruhusa ya foresta. Usibandue mzizi hata mmoja. Kata kipande cha tawi chenye okidi imelala, kizima, na gome lake. Tafuta mti wa aina ile ile hapo hapo karibu, kimo kile kile, upande wenye mwanga ule ule, ukifunge kwa kamba ya katani ama vipande vya soksi ya nailoni, kifunge kwenye kipande cha mti na si juu ya mizizi, kikaze kisitikisike na upepo. Kipande kilale kugusana na tawi jipya ili mizizi mipya ivuke yenyewe. Fanya wakati wa mvua kama unaweza kuchagua. Alafu usiimwagilie kila siku, mizizi inataka kulowa na kukauka, ikikaa imelowa muda wote inaoza.

Hatua ya 11: Rudi

Mara mbili kwa mwaka inatosha, moja kiangazi na moja mvua ikishaanza, na picha upige kutoka mahali pale pale. Hesabu upya. Linganisha urefu wa mizizi kwa picha, angalia kama ncha ziko hai. Ukikuta vitunda vimepasuka na kutoa vumbi, andika tarehe, na kuanzia hapo anza kuangalia miti ya jirani upande upepo unaelekea. Ukikuta mmea haupo, usifute rekodi: andika ulipotea lini, na uangalie gome. Kama gome limeambuka lenyewe kutakuwa na kiraka kisafi na vipande vyake chini ya mti. Kama umebanduliwa na mtu, mizizi inaacha vipande vyembamba vya kijivu bado vimeshika gome. Kwa msitu wa serikali au mbuga hiyo unaripoti kwa foresta ama KWS na picha zako za kabla na baada, na kwa shamba unamwambia mwenye mti kabla ya mtu mwingine yeyote.